Ngao mbili za nguvu moja

Dominika moja baada ya Misa ya pili tulikuwa tukifunga mlango wa chumba cha mafundisho, ndipo wavulana wawili wa parokia wakatujia, kila mmoja na uso wake. Mkubwa alikuwa akicheka. Mdogo alikuwa amevimba mashavu, naye alishika telefoni mbele yake kama mtu anayepeleka mashitaka kwa chifu. "Mwalimu," akasema, "huyu amekula ngao yangu."

Tukadhani anasema juu ya zile ngao za makaratasi tulizotengeneza kwa maigizo ya Noeli. Kumbe sivyo. Ngao yenyewe haishikiki kwa mkono. Imo ndani ya mchezo.

Mchezo huo huitwa RuneScape. Ulianzishwa mwaka 2001 huko Uingereza na vijana wa ukoo wa Gower. Kila mchezaji hupewa mtu wake mdogo wa picha, humtembeza katika nchi ya kubuniwa yenye wafalme, majoka, mashimo ya madini na masoko. Na wachezaji wa nchi nyingi huonana humo saa ile ile kwa njia ya intaneti. Tangu mwaka 2013 uko pia kwa sura yake ya zamani, ndiyo Old School, na tangu 2018 sura hiyo yachezwa hata katika telefoni. Kwa hiyo umefika mpaka kwetu. Humo mtu huchimba, huvua samaki, hufua chuma, hupigana na nyama wakali. Wazee wanaosema kwamba ni vita tu hawajautazama sana, maana nusu ya mchezo ule ni kununua na kuuza.

Basi mdogo alikuwa na ngao ya runi, yaani chuma kile cha rangi ya kibuluu, yenye pambo la dhahabu. Aliipewa na mchezaji mmoja aliyeuaga mchezo. Mkubwa akampa ngao ya runi isiyo na pambo, akaongeza sarafu kidogo, akaitwaa ile ya dhahabu. Jioni mdogo akatazama bei sokoni, wala hakulala vema.

Tukamwuliza mkubwa: "Ulimwambia nini hata akubali?"

Akajibu pasipo haya: "Kweli tupu, Mwalimu. Nilimwambia kwamba nguvu ni sawasawa. Ngao zote mbili zakinga sawa, hata nukta moja haipunguki. Mimi nimedanganya wapi?"

Hapo sisi tukaona jasho. Maneno hayo tuliyajua. Tuliyasema sisi wenyewe mwaka 2007, mbele ya mtu mwingine, kwa ajili ya ngao ya namna ile ile.

Mwaka ule tulikuwa tukisoma seminari ndogo, na likizo tulikuja nyumbani Bukavu. Karibu na barabara kubwa palikuwa nyumba ya mashini za intaneti, walipisha feza kwa saa. Feza tuliyopewa ya kununua sabuni na madaftari, si yote iliyofika kwenye sabuni. Siku zile soko la mchezo halikuwa na ubao wa bei. Wachezaji walisimama mbele ya banki ya mji uitwao Varrock, wakapiga kelele kwa maandishi: nauza hiki, natafuta kile. Aliyetaka kujua thamani ya ngao alisimama kando akasoma kelele zile siku nzima, kama mama apitaye soko la Kadutu mara mbili kabla ya kufungua fundo la kitambaa chake. Sisi tulikuwa tumesimama siku nyingi. Tulijua.

Akaja mtu mwenye ngao ya runi yenye pambo la dhahabu. Kwa maandishi yake tuliona kwamba ni mtoto, tena mgeni wa soko. Nchi yake hatukuijua. Alisema ameipata katika mafumbo ya hazina, akauliza inafaa kitu gani. Hakuna mwingine aliyemjibu kwa wakati ule. Sisi tukajibu. Tukamwekea ngao yetu isiyo na pambo, na juu yake sarafu, chini ya sehemu ya tano ya bei tuliyokuwa tukiisoma mahali pale kila siku.

Kubadilishana katika mchezo ule kuna kurasa mbili. Katika ule wa kwanza kila mtu huweka vitu vyake. Katika ule wa pili mashini huuliza: je, kweli wakubali? Ukurasa huo uliwekwa kwa ajili ya wepesi na wadanganyifu. Mtoto yule akakawia katika ukurasa wa pili. Tukaona kwamba ana mashaka, ndipo tukaandika kwa Kiingereza chetu cha shule: nguvu ni sawasawa. Akakubali. Tena akatushukuru, akaliandika jina letu katika orodha ya rafiki zake, nasi tukaliandika lake. Tangu siku ile kila tulipofungua mchezo, jina lake lilikuwa pale. Likiwa la kijani, yumo. Likiwa jekundu, hayumo.

Tuseme kweli: mwezi wa kwanza hatukuona haya hata kidogo. Tulivaa ngao ile, tukapita nayo mbele ya banki. Haya ilikuja baadaye, siku tuliyoagizwa kuwafundisha watoto wa mtaa amri ya saba, na mmoja wao akauliza kama kumnyamazia mtu asiyejua bei ni wizi. Tulimjibu haraka haraka kwamba ndiyo, tukapita kwenye amri ya nane.

Novemba 2007 mchezo ukafungua soko kubwa, Grand Exchange, lenye bei iliyoandikwa kwa kila kitu. Tukaona kwa namba kile tulichokwisha kujua kwa masikio. Tukakusudia kumrudishia yule mtoto katika likizo iliyofuata. Lakini Januari 2008 wenye mchezo wakaweka sheria mpya. Walikuwa wakiteswa na watu wanaouza sarafu za mchezo kwa feza ya kweli, basi wakaamua: mtu akibadilishana na mwenzake, thamani za pande mbili zisipitane ila kwa sarafu elfu chache tu, na sokoni bei isizidi asilimia 5 juu au chini ya ile iliyoandikwa. Shabaha yao ilikuwa njema. Lakini mtazame, wasomaji, yaliyotokea: sheria ya kuzuia mapatano yasiyo sawa ilitukataza pia kurudisha tulichokipata kwa mapatano yasiyo sawa. Tulimwita mtoto yule, tukaweka ngao katika ukurasa wa kwanza, mashini ikakataa. Yeye akadhani tunacheka naye.

Tena sheria ile haikuweza kuituliza bei. Vitu vilivyo haba sana vilikuwa na bei ya ubaoni na bei nyingine ya kweli. Walioviuza walidai bei ya ubaoni pamoja na takataka, yaani mzigo wa vitu visivyotakiwa na mtu lakini vyenye bei kubwa ya kuandikwa, kusudi vijaze pengo. Nani kati yetu hajaona jambo hilo katika nchi yake, bei moja ikiwa karatasini na nyingine nyuma ya duka?

Tukaenda seminari kubwa, mchezo tukauacha. Huko ndiko tulikokutana na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na swali la 77 la sehemu ya pili ya pili ya Summa, lililo juu ya udanganyifu katika kununua na kuuza. Wengi wa wenzetu waliona ni somo kavu. Sisi tulilisoma kama mtu asomaye barua iliyoandikwa kwake. Anasema kwamba bei ya haki si nukta moja. Ni kadirio, na kuongeza kidogo au kupunguza kidogo hakuharibu haki. Tukapumua. Kisha anasema kwamba mtu akipata faida kubwa kwa kitu chako, nawe huna hasara kwa kumwachia, usimwuzie ghali kwa sababu ya haja yake, maana haja hiyo ni yake, wala mtu hawezi kuuza kisicho chake. Bado tukapumua, kwa sababu sisi tulikuwa mnunuzi.

Kisha akatushika. Anasema kwamba pengine muuzaji hudhani kitu chake ni duni kuliko kilivyo, kama mtu auzaye dhahabu akidhani ni shaba. Mnunuzi akilijua jambo hilo, amenunua kwa udhalimu, naye amefungwa kurudisha. Dhahabu, anasema! Tulikifunga kitabu tukatoka nje.

Naye Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake juu ya Utatu Mtakatifu, ataja mtu aliyeletewa kitabu cha kununua. Mwenye kukiuza hakujua thamani yake, akataka feza kidogo sana. Yule mnunuzi akampa bei ya haki, na muuzaji hakutazamia. Hadithi yote ni fupi hivyo. Sisi tulikuwa na nafasi ya kuwa mtu yule, tukaandika: nguvu ni sawasawa.

Tulimwendea mwalimu wetu wa teolojia ya maadili, tukaeleza jambo lote. Alipoelewa kwamba tunasema juu ya ngao isiyokuwako, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza: "Yule mtoto alitumia siku ngapi kuipata?" Hatukujua, labda wiki nyingi. "Je, watu wengine wangempa kitu kwa ajili yake?" Ndiyo, Baba. "Nawe ulijua?" Ndiyo. Hakucheka tena. Sisi tukamwuliza lililotusumbua zaidi: bei ya ngao hubadilika kila siku, tuhesabu deni kwa bei ya siku ile au kwa bei ya leo? Akajibu: ikiwa kitu chenyewe kingaliko, rudisha kitu chenyewe, kwa maana kitu humlilia mwenyewe. Bei yake ikiwa imepungua mkononi mwako, ongeza hata ifike ile aliyopoteza, maana uliishika kwa nia mbaya. Ikiwa imepanda, furaha ni yake.

Februari 2011, baada ya wachezaji kupiga kura, wenye mchezo waliondoa ile sheria ya 2008, na watu wakaweza tena kupeana vitu kwa hiari. Siku ya ruhusa tukaenda mjini, tukalipa feza ya saa moja. Ngao ilikuwapo bado katika banki yetu. Jina la yule mtoto lilikuwa jekundu. Tukarudi juma lililofuata: jekundu. Mara ya tatu, dakika kumi kabla ya saa kwisha, likageuka kijani.

Tulimwandikia mambo yote. Alikawia kujibu, kama siku ile. Kisha akaandika kwamba anaikumbuka ngao, tena anakumbuka kwamba mtu mmoja sokoni alimwonea huruma akamsaidia. Mtu huyo ndiye sisi. Tukaona afadhali angetutukana. Tukaweka ngao, tukaweka na sarafu zote tulizokuwa nazo, maana bei ya 2011 haikuwa ile ya 2007. Ngao akaitwaa. Sarafu akazikataa. Hatujui kama kukataa kwake kulitufungua kabisa. Mwalimu wetu alisema kwamba mwenye mali akisamehe, basi.

Mambo hayo hatukuwaambia wavulana wale mara moja. Tuliketi nao barazani pa kanisa, tukamwambia mkubwa: "Neno lako ni kweli, lakini limejibu swali jingine. Yeye aliuliza inafaa kiasi gani kwa watu, nawe ukajibu inakinga kiasi gani." Akabisha, na kubisha kwake kulikuwa na akili. Akasema ngao ni ya kukinga. Zikikinga sawa, pambo ni upuzi, na mtu hapaswi kulipishwa upuzi. Basi tukaifungua telefoni tukatazama ngao nyingine, tuone thamani hutoka wapi.

Ngao ya runi isiyo na pambo ina sakafu ya bei. Mchezaji aliyefika daraja la 55 katika uganga (uganga wa mchezo tu, msituandikie barua) aweza kuigeuza kuwa sarafu 32,640 saa yo yote. Kwa hiyo bei yake haiwezi kuanguka mbali chini ya hapo. Kabla haijaanguka watu watainunua waigeuze. Ngao hiyo si haba, na bei yake yakaribia matumizi yake. Hapo mkubwa ana haki.

Lakini tazama ngao za roho, zilizo za wakubwa wa mchezo. Ngao yenyewe hubarikiwa kwanza, kisha huunganishwa na muhuri. Mhunzi atakaye kuuunganisha lazima awe na daraja la 85 katika ufuaji na daraja la 90 katika sala! Asiye nalo humlipa abati wa monasteri sarafu 1,500,000 amfanyie. (Kuuza huduma za namna hiyo Eklezia ililaani zamani sana, lakini tusiingie huko.) Mihuri hiyo hupatikana kwa kumwua nyama mmoja mkubwa. Muhuri uitwao Spectral hutoka mara 1 katika 1,365, na uitwao Arcane mara 1 katika 1,365 vilevile. Uhaba wao ni mmoja kabisa. Je, bei yao ni moja? Sivyo, kwa miaka mingi ule wa Arcane umeuzwa ghali zaidi, kwa sababu ngao yake humsaidia mtu kushambulia kwa uganga, na hao ni wengi wenye feza. Tena mwaka 2022 ilitolewa ngao nyingine, Elidinis' ward, ambayo haiwi kamili mpaka imepewa muhuri wa Arcane, nao muhuri ule ukapata watu wapya wa kuutafuta. Uhaba wake haukubadilika hata kidogo. Haja za watu ndizo zilizobadilika.

Na ule muhuri wa tatu, Elysian, hutoka mara 1 katika 4,095. Ni haba mara tatu kuliko wenzake, lakini bei yake imepita mara tatu kwa mbali sana. Mwenye ngao hiyo, katika mapigo kumi, saba hupunguzwa robo. Hakuna ngao nyingine ifanyayo kazi ile. Hapo wanunuzi wote wanalenga kitu kimoja.

Mdogo akauliza, "Na hii?" Akatuonyesha ngao ya Zama za Tatu. Hiyo huuzwa kwa mamilioni mengi, na vitani iko nyuma ya nyingine za bei rahisi. Wanaonunua ngao hiyo wananunua macho ya watu. Mkubwa akacheka, akasema, "Upuzi." Tukamwambia: "Labda. Lakini wewe uliitaka ile yenye dhahabu kwa nini, kama zakinga sawa? Ya kwako ulikuwa nayo."

Akanyamaza. Ndilo swali tuliloshindwa kujiuliza sisi mwaka 2007.

Kisha akatafuta mlango mwingine: siku hizi bei ziko wazi sokoni, mdogo angaliweza kutazama mwenyewe. Hilo pia si neno la bure. Zamani ujuzi wa bei ulikuwa kama ufunguo mfukoni mwa wachache. Leo uko ukutani. Walakini bei ya ukutani nayo yataka akili. Huonyesha mauzo yaliyopita, si ya leo. Kwa vitu vinavyouzwa mara chache hukawia nyuma. Wajanja hununua kimoja kwa bei ya juu na kukiuza kwa bei ya chini, wapate kujua bei ya mwenye haraka na bei ya mwenye subira, kisha huketi katikati. Na tangu Desemba 2021 soko lenyewe hutoza ushuru kwa muuzaji. Mtoto aliyecheza miezi miwili hajui mambo hayo. Mkubwa ayajua yote, maana ndiye aliyetueleza lile la kununua kimoja na kuuza kimoja, sisi hatukulijua.

Tukamwuliza: "Ulipompa, ulijua kwamba hajatazama bei?"

Akatazama chini, akapapasa mkanda wa kiatu. "Nilijua, Mwalimu."

Hapo ndipo tulipowaambia habari ya 2007, na jina jekundu, na mwalimu wa maadili aliyevua miwani. Mdogo alitaka kujua hasa kama tulikuwa tumevaa ngao ile mbele ya watu. Tukakiri kwamba ndiyo, siku nyingi. Alionekana kuridhika kuliko alivyoridhika kwa maneno ya Mtakatifu Tomaso.

Mkubwa akatoa telefoni yake. Akauliza kama lazima atoe na sarafu. Tukamwambia sivyo: arudishe ngao, mdogo naye arudishe ngao isiyo na pambo pamoja na sarafu zile, wote wawe kama walivyokuwa, kama baadaye wataka kuuziana, waanze upya, ubao wa bei ukiwa mbele yao wote wawili. Mdogo akaona haya kidogo, maana sarafu nyingine amekwisha kuzinunulia mishale. Wakabishana juu ya mishale. Mwishowe mkubwa akasema aiache.

Wakafungua ukurasa wa kwanza, wakaweka vitu. Intaneti ilikuwa mbaya adhuhuri ile, kama iwavyo mvua ikikaribia ziwani. Ukurasa wa pili ulikawia kuja. Mkubwa alishika kidole juu ya kioo, mdogo akishika chake, nasi tukaketi nao kungoja.